Feni ya Kompyuta: Utulivu Usinunuliwe kwa Joto

Usiku ukiingia na watoto wakilala, ndipo nyumba huzisikia sauti ambazo mchana hazisikiki: tone la maji bombani, mlango usiofungika vizuri, na katika nyumba zenye kompyuta ya mezani, mngurumo wa feni. Mchana mngurumo huo humezwa na shughuli za jikoni na za barabarani. Usiku hubaki peke yake, na aliyekwisha kuusikia hawezi tena kuacha kuusikia.

Hebu msomaji aifikirie jamaa moja ya watu wanne, ambayo mfano wake haukosekani mijini. Mama wa nyumba hiyo ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na hesabu zote za kikundi zimo katika kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika miaka kadhaa ofisini ng'ambo. Chumba cha hesabu ndicho chumba anacholala mtoto mchanga. Kwa miezi miwili feni ya nyuma ya mashine hiyo imekuwa ikikoroma, kwanza wakati wa kuwashwa tu, kisha kwa dakika tano, na sasa usiku kucha. Mtoto hushtuka na kulia. Mama huzima mashine kabla kazi haijaisha, na siku ya mkutano hufika na hesabu nusu.

Katika hali hiyo mashauri hayakosi. Baba alitaka mashine iuzwe. Jirani alishauri waya wa feni ukatwe, akauliza mbona redio haina feni na bado inaimba. Kijana wa nyumba, aliyemaliza masomo yake ya sekondari, alikwisha shika bisibisi. "Niachie mimi, Mama," alisema. "Ni skrubu nne tu."

Shauri la baba lilikuwa la hasara, la jirani lilikuwa la kuiua mashine, na la kijana, pamoja na nia yake njema, lingeweza kumwua yeye mwenyewe. Ilikuwa bahati kwamba mama alisema bisibisi iwekwe chini mpaka fundi aje.

Sikio kabla ya bisibisi

Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye maneno machache. Aliomba gazeti kuukuu, akalikunja likawa kama bomba, akaweka ncha moja sikioni, na ncha ya pili akaipitisha polepole nje ya kasha la kompyuta bila kugusa chochote. Alisikiliza penye kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Akasikiliza ubavuni, karibu na feni ya prosesa. Kisha akasikiliza mbele, karibu na diski. Ndipo akampa kijana lile gazeti.

"Haya, mwanangu, niambie mgonjwa ni nani."

Kijana alisikiliza kwa muda, akaonyesha kisanduku cha umeme. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Hatua hiyo watu wengi huiruka. Ndani ya kompyuta moja huweza kuwamo feni mbili, tatu au nne, na pengine diski izungukayo, na atakayenunua feni ya kisanduku ilhali inayokoroma ni ya prosesa atakuwa amepoteza fedha yake. Tena, kila sauti ina maana yake. Mgongano mdogo mdogo usiokoma aghalabu ni waya uliolegea ukaguswa na mapanga ya feni. Mvumo wa upepo ulioongezeka polepole kwa miezi mingi huenda ni vumbi lililoziba njia, feni ikalazimika kwenda mbio. Mkoromo mzito, unaozidi mashine ikiwa baridi na kupungua ikipata joto, ni dalili ya beringi iliyokauka mafuta. Na mlio mwembamba kama wa mbu, usiobadilika hata feni ikibadili mwendo, si wa feni kabisa. Hutoka katika koili za umeme, na hapana feni mpya itakayouponya.

Kazi ya feni hiyo

Umeme wa ukutani ni wa volti 230 au karibu na hapo, lakini vyombo vya ndani ya kompyuta vinahitaji volti 12, 5 na 3.3. Kazi ya kisanduku ni kuubadili umeme huo, na hakuna ubadilishaji usiopoteza kitu. Ikiwa vyombo vya ndani vinatumia wati 120, na ufanisi wa kisanduku ni asilimia 75, basi ukutani zitatoka wati 160. Zile wati 40 za ziada hugeuka joto ndani ya kisanduku chenye upana wa sentimita 15 na kimo kisichofika sentimita 9. Ni sawasawa na kuifungia balbu ya wati 40 ndani ya kopo. Feni ndiyo inayolitoa joto hilo nje.

Hapo ndipo lilipo jibu la jirani. Redio ndogo hula wati chache tu, na joto lake hupotea lenyewe. Katika kisanduku cha kompyuta joto lisipotolewa hukaa na kuharibu, na kinachoumia mapema ni kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Kapasita zikichoka, umeme unaokwenda kwenye diski huanza kuyumba. Na katika diski hiyo ndimo zilimo hesabu za akina mama waliomwamini mwenzao.

Kwa hiyo neno la kwanza la fundi halikuhusu feni hata kidogo. "Mama, hesabu hizi zina nakala mahali pengine?" Hazikuwa nayo. Fundi hakugusa skrubu hata moja mpaka nakala ilipofanywa na kutiwa sandukuni.

Hatari isiyoonekana

Kijana aliuliza kwa nini asingeweza kufungua kisanduku baada ya kuchomoa plagi. Swali hilo ni la haki, na jibu lake lapasa kujulikana katika kila nyumba yenye kompyuta.

Ndani ya kisanduku mna kapasita kubwa zinazopokea umeme wa ukutani uliokwisha geuzwa kuwa wa upande mmoja. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa hivyo hufika volti 325 hivi, na katika visanduku vingi vya siku hizi hukaribia 400. Plagi ikichomolewa, umeme huo hauondoki papo hapo. Kwa kawaida huwekwa kizuizi kidogo cha kuumaliza polepole, lakini kizuizi hicho kikiungua hakitoi habari, na kapasita hubaki imeshiba. Kubonyeza kitufe cha kuwashia baada ya kuchomoa plagi huweza kuupunguza umeme uliobaki, walakini si hakikisho. Fundi anayejua kazi hupima kwa mita kabla ya kugusa. Akikuta umeme umebaki, huutoa kwa kizuizi kinachofaa, wala si kwa kugusanisha ncha na bisibisi. Asiye na mita na asiyejua mahali pa kupima asikifungue kisanduku. Aende dukani akachague feni, kazi ya kufungua amwachie fundi.

Kadhalika, asijaribu mtu kuisimamisha feni kwa kupenyeza waya au msumari katika wavu. Nyuma ya wavu huo mna sehemu zenye umeme wa kuua.

Mambo ya kutazama dukani

Jambo la kwanza ni kipimo. Visanduku vya zamani vya umbo la kawaida aghalabu huwa na feni ya milimita 80 iliyo nyuma. Vingi vya siku hizi vina feni ya milimita 120 au zaidi, iliyolala juu au chini ya kisanduku. Feni hupimwa ubavu kwa ubavu, si shimo kwa shimo: mashimo ya skrubu ya feni ya milimita 80 huachana kwa milimita 71.5, na ya feni ya milimita 120 kwa milimita 105. Unene nao usisahauliwe. Feni nyingi ni nene milimita 25, lakini katika visanduku vyembamba hukutwa za 20 au 15, na feni nene hapo haitaingia.

Jambo la pili limeandikwa katika kibandiko cha feni kuukuu, yaani volti na ampea. Karibu feni zote za visanduku hivi ni za volti 12. Ampea za feni mpya zisizidi za ile ya zamani, maana sehemu inayoiendesha ilitengenezwa kwa mzigo ule, na ikizidishiwa huungua.

Jambo la tatu ni upepo. Watengenezaji wengine huuandika kwa futi za ujazo kwa dakika, wengine kwa mita za ujazo kwa saa. Atakaye kulinganisha azidishe futi kwa 1.7 apate mita. Feni ya futi 30 ni sawa na ya mita 51. Feni isiyoandikwa kiasi cha upepo wake, bali imeandikwa neno la kusifu ukimya tu, mnunuzi airudishe alikoitoa.

Jambo la nne ni sauti, ambayo hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakiendi kama cha sukari au unga. Kwa sikio la mtu, desibeli 10 zikiongezeka, sauti huonekana kama imekuwa maradufu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri sauti ya mfululizo chumbani mwa kulala isizidi desibeli 30. Lakini namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni hupimwa feni ikiwa huru hewani. Ikiisha fungwa nyuma ya wavu, ndani ya bati, huongezeka. Basi mwenye mtoto mchanga atafute feni iliyo chini ya 30 kwa nafasi ya kutosha.

Jambo la tano ni beringi. Feni za bei ya chini huzunguka katika bushi. Zikiwa mpya huwa kimya sana, lakini joto hukausha mafuta yake, na zikilazwa huchakaa upesi zaidi. Feni zenye beringi za gololi hustahimili joto kwa miaka, ingawa zina mvumo kidogo, na huo huzidi zikizeeka. Zile ambazo mhimili wake huelea katika mafuta yaliyofungiwa huunganisha ukimya na maisha marefu, na bei yake ni kubwa kidogo. Wako wanaofufua feni ya bushi kwa tone la mafuta ya cherehani. Dawa hiyo husaidia kwa muda, pengine majuma, pengine miezi. Na kwa kuwa kisanduku hakina budi kufunguliwa ili kuitia, ni afadhali kutia feni mpya. Mafuta ya kupikia yasitumiwe kamwe, maana huganda na kunata.

Jambo la sita husahauliwa hata na baadhi ya mafundi. Visanduku vingi huendesha feni kwa kufuata joto: mashine ikiwa baridi, feni hupewa volti chache, labda 5 tu, joto likipanda, volti nazo hupanda. Ziko feni nzuri za volti 12 ambazo kwa volti 5 hazianzi kuzunguka. Mnunuzi hufurahia ukimya, kumbe feni imesimama. Jaribio lake ni rahisi: chaja ya simu ya kawaida hutoa volti 5, na fundi anaweza kuiunga feni mpya kwa waya wa chaja hiyo na kuona kama itaanza yenyewe, mara kumi kwa kumi, ikiwa imekaa vile itakavyokaa ndani ya kisanduku.

Feni mbili mezani

Fundi na kijana walikwenda dukani pamoja, wakarudi na feni mbili za milimita 80 kwa makubaliano kwamba moja itarudishwa. Feni kuukuu, kwa namba za mtengenezaji wake, ilikuwa ya futi 30 na desibeli 30 ilipokuwa mpya. Feni ya kwanza mezani ilikuwa ya desibeli 12 na futi 14. Ya pili ilikuwa ya desibeli 22 na futi 25.

Mama, ambaye hakulala vizuri kwa miezi miwili, alinyosha mkono kwa ile ya kwanza. Hapana mtu angeweza kumlaumu.

"Hiyo ni ya kimya, Mama, lakini ni kimya cha mtu aliyeacha kufanya kazi," fundi akasema. "Itatoa chini ya nusu ya upepo. Nyumba itatulia mwaka huu, na mwakani utaniita kwa jambo jingine."

Kisha akamweleza kijana hesabu yake. Feni ikipunguzwa mwendo, upepo hupungua kwa kadiri ile ile, lakini sauti hupungua upesi zaidi. Kutoka mizunguko 2,500 kwa dakika hadi 2,000, upepo hupungua kwa sehemu moja ya tano, na sauti kwa desibeli 5 hivi. Biashara hiyo ni njema. Mizunguko ikipunguzwa kwa nusu, sauti hushuka kwa desibeli 15 hivi, lakini upepo hubaki nusu, na nguvu yake ya kusukuma hewa katika nafasi nyembamba hubaki robo tu. Hapo feni hupiga kelele ndogo na kufanya kazi ndogo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Lakini feni iendayo pole kupita kiasi huwakwaza wengine.

Feni ya pili ilikuwa na kasoro moja: upepo wake ulikuwa pungufu kidogo kuliko wa ile ya zamani. Fundi hakulificha jambo hilo. Alisema upungufu huo huweza kukubaliwa kwa kuwa kisanduku kilijengwa kwa wati 250 na mashine haili hata nusu yake, lakini joto lake lipimwe baada ya kufungwa. Likizidi, nayo itarudi dukani.

Kufunga na kupima

Kazi yenyewe ilichukua chini ya saa moja. Baada ya kupima kapasita, fundi alisafisha vumbi kwa burashi kavu ya rangi. Alitazama mshale uliochongwa ubavuni mwa feni, unaoonyesha upepo uendako, akauelekeza nje kama ilivyokuwa zamani. Katika visanduku vyenye feni kubwa iliyolala, mshale huelekea ndani. Waya wa umeme aliunga na waya wa umeme, na mweusi na mweusi, akavilehemu na kuvifunika. Waya wa tatu, ambao kazi yake ni kutoa habari za mwendo tu, aliuziba ncha. Feni za waya nne aliziepuka dukani, kwa kuwa zinataka kuongozwa kwa njia nyingine. Kati ya feni na bati aliweka vipande vidogo vya mpira, ili mtikisiko usilifanye kasha zima kuwa ngoma.

Kabla ya kuchomeka plagi alihakikisha mambo mawili: kwamba kifuniko kimerudi na skrubu zake zote, maana kisanduku kilicho wazi hakiwashwi, na kwamba ile swichi ndogo ya nyuma, iliyo katika baadhi ya visanduku vya zamani, imekaa kwenye 230 wala si kwenye 115. Bisibisi ikiipitia kwa bahati mbaya, mashine huungua mara tu inapowashwa.

Ndipo mashine ikawashwa, na mama akaambiwa afanye kazi yake ya kawaida kwa saa nzima. Fundi aliweka mkono nyuma ya wavu mwanzoni, katikati na mwishoni. Upepo ulitoka wa vuguvugu, si wa moto. Na kipimajoto kilichowekwa mbele ya wavu hakikuzidi cha asubuhi, feni kuukuu ilipokuwa ikifanya kazi, ila kwa nyuzi 3. Fundi aliridhika. Ingekuwa nyuzi 10, angeifungua tena jioni ile ile.

Ikiwa kisanduku chenyewe ni kizee

Si kila kisanduku kinastahili feni mpya. Kikiwa na kapasita zilizovimba vichwa, au harufu ya kuungua, au mashine ikijizima yenyewe, fedha ya feni iongezwe kinunuliwe kisanduku kipya. Hapo chenye feni ya milimita 120 ni bora, kwa kuwa eneo la feni hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya milimita 80, na hivyo hutoa upepo ule ule kwa mwendo wa pole. Aidha mnunuzi atazame alama ya ufanisi ya 80 Plus, iliyoanza kutumika mwaka 2004. Katika mfano ule wa wati 120, kisanduku chenye ufanisi wa asilimia 90 kitapoteza wati 13 hivi badala ya 40. Joto dogo huhitaji upepo mdogo, na upepo mdogo hauna kelele. Huo ndio ukimya ulio bora, kwa kuwa umeanzia kwenye chanzo.

Katika nyumba ile haikuhitajika hivyo. Usiku huo mama alimaliza hesabu za kikundi saa tano, mtoto akiwa amelala mikono miwili kutoka alipo. Kijana alichukua tarehe ya siku hiyo, akaiandika kwa kalamu juu ya kipande cha karatasi, akakibandika nyuma ya kasha: feni mpya, volti 12, futi 25, vumbi lisafishwe nje ya wavu kila baada ya miezi mitatu. Chini yake akaongeza kwa herufi kubwa maneno ambayo yangefaa kubandikwa katika kila nyumba yenye mashine ya namna hiyo: KISIFUNGULIWE BILA FUNDI.